Nani Amekwangua Upande wa Ukuta?

Watu wanaosema kuosha mashua ni kazi ya kutuliza akili hawajawahi kuiosha, au waliitazama ikioshwa na wenzao huku wao wameketi kwenye kiti. Kazi yenyewe ni hivi. Unaileta mashua ukutani maji yakiwa yamejaa, unaifunga kamba mbele na nyuma, unaitegemeza kwa magogo, halafu unangoja bahari iondoke. Ikishaondoka, mashua inabaki imesimama juu ya mkuku wake, ule mti mrefu wa chini kabisa, kwenye changarawe na matope, tumbo lote nje, haina pa kujificha. Hapo unaingia na kikwanguo, ndoo na brashi. Unakwangua mwani na vile vigamba vyeupe vinavyong'ang'ania mbao, unaosha, unapiga msasa, unapaka rangi, na yote hayo lazima yaishe kabla bahari haijarudi mahali pake. Na bahari haina simu, huwezi kuipigia ukaiambia isubiri kidogo, rangi bado mbichi.

Dakika alikuwa ameifanya kazi hiyo kila mwaka tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Dakika si jina alilopewa na wazazi wake. Alikuwa fundi saa, mwenye kibanda cha kioo karibu na stendi, na watu walimwita hivyo kwa sababu ukichelewa kufuata saa yako alikusomea risala. Alifunga kibanda macho yalipoanza kumsaliti kwenye skrubu ndogo, lakini jina lilibaki. Alikuwa mtu wa utaratibu hadi kero. Kijiko kina mahali pake, koti lina msumari wake, na mashua huoshwa upande wa maji kwanza, kuanzia puani kwenda nyuma, kisha upande wa ukuta. Hajawahi kubadilisha, na usijaribu kumshauri.

Mwaka huo aliteremka ufukweni akiwa na donge kifuani. Kwa miezi kadhaa nyumbani kwake mambo yalikuwa hayaeleweki. Alitoka akakumbuka njiani kwamba ameacha pasi inawaka, akarudi mbio roho mkononi, akaikuta imezimwa na waya wake umezungushwa vizuri. Usiku aliamka kufunga mlango wa nyuma aliousahau, akaukuta umefungwa. Alitafuta funguo kwenye msumari, hazipo. Akapekua mifuko yote, akarudi kwenye msumari, zipo, zinaning'inia na kumkodolea macho. Hakumwambia mtu. Angemwambia nini? Kwamba anafanya mambo asiyoyakumbuka?

Baba yake alianza hivyohivyo. Mwanzoni walimcheka, naye akacheka nao. Mwishoni, siku moja Dakika akimlisha supu kwa kijiko, mzee yule alimtazama kwa adabu kabisa akamwuliza, "Kijana, wewe ni mtoto wa nani?" Dakika hakuwahi kulisahau swali hilo, na siku hizi lilimjia hata akiwa anapiga mswaki.

Basi akafanya mapatano na nafsi yake. Angeiosha mashua mwaka huu peke yake, toka mwanzo hadi mwisho. Kichwa kikitulia, angebaki na mashua yake. Kikimchezea, angempa mpwa wake, mtoto wa dada yake, jitu zima lenye ndevu linaloendesha kreni, ambaye kwa muda mrefu alikuwa akiiulizia mashua hiyo kwa heshima. "Njoo maji yakijaa," Dakika alimwambia, "nitakuwa na jibu." Hakuwa anatania. Baharini huwa anatoka na mkewe, na mtu anayesahau akiwa na mkewe juu ya maji hajihatarishi peke yake. Lakini mapatano yenyewe hakumwambia mkewe, na hapo ndipo alipojifunga kitanzi mwenyewe.

Mambo yalianza kwenda mrama hata kabla hawajatoka nyumbani. Buti zake za mpira, zile za kijani zenye kiraka cha tairi kwenye kisigino, hazikuwepo nyuma ya mlango.

"Mama, umeziona buti zangu?"

Mkewe alikuwa anapanga uzi na sindano za tanga ndani ya kikapu kikubwa. "Buti gani?" aliuliza bila kuinua uso.

"Buti! Za mpira. Kwani nina ngapi?"

"Labda umeziacha bandani, mzee."

Bandani pia hazikuwepo. Akavaa raba zake za kitambaa, kuukuu, ambazo kidole gumba cha kushoto kilikuwa kimejifungulia dirisha. Akajisemea kwamba buti kupotea si hoja, buti za watu hupotea kila siku. Lakini moyoni aliiandika alama ya kwanza, na haikuwa nzuri.

Mkewe alikuwa mkunga mstaafu. Nusu ya mji ule ilipitia mikononi mwake, na mikono hiyo ilisifiwa kwa jambo moja: ilifanya kazi yake mzazi asijue imefanya. Unasukuma, unalia, unatukana, halafu unaambiwa umemaliza na unadhani umefanya yote mwenyewe. Kila mwaka siku ya kuosha mashua alikaa bandani akishona tanga, na mwaka huu alisema vilevile, atakaa bandani. Banda lenyewe liko juu ya ukuta, na ngazi zake za mawe zinateremka hadi nyuma ya mashua. Nataja ngazi hizo kwa sababu Dakika hakuzifikiria hata kidogo.

Maji yalikuwa ya bamvua, yale yanayopwa hadi unadhani hayarudi. Dakika aliteremka na vifaa vyake, akakagua magogo, akazunguka mashua mara moja huku akigonga mbao kwa kifundo cha kidole na kusikiliza, kama alivyokuwa akisikiliza saa. Mbao zilimjibu vizuri. Akasimama puani, upande wa maji, akaanza.

Vigamba vilikuwa vingi. Vilibanduka kwa sauti ya kukera meno, vikamrukia usoni, vikamwingia kwenye dirisha la raba. Alikwangua, akasuuza, akasogea. Jasho likamtoka, akaanza kujisikia vizuri. Kichwa kilikuwa chepesi, kila kitu kilikuwa mahali pake. Alipofika katikati alihitaji maji ya kunywa, akapanda bandani kwa njia ya mbele.

Bandani hapakuwa na mtu. Tanga lilikuwa limetandazwa kwenye benchi na sindano imechomekwa katikati ya mshono. Akanywa maji. Alipokuwa anaweka kikombe, mkewe akaingia kwa mlango wa nyuma, anahema.

"Ulikuwa wapi?"

"Msalani," alisema. "Kwani kwenda msalani siku hizi kunaombewa ruhusa?"

Dakika akacheka, akarudi kazini. Lakini kwa vile alikuwa tayari ameikatiza kazi, aliamua kuchungulia upande wa ukuta aone una hali gani. Upande huo ni kama ujia: ukuta wa mawe huku, tumbo la mashua kule, giza, na nafasi ya mtu mmoja aliyekonda. Huwa anauacha wa mwisho kwa sababu anauchukia.

Kuanzia kwenye usukani hadi karibu na katikati, mbao zilikuwa safi, zimekwanguliwa na kuoshwa. Maji yalikuwa bado yanachuruzika, na chini kulikuwa na rundo la vigamba vibichi.

Dakika alipigwa na butwaa. Akatazama huku na huku. Hapakuwa na mtu. Akakitazama kikwanguo mkononi mwake, kana kwamba kingemweleza. Yeye alianza upande wa maji. Si ndivyo? Alianza puani, kama siku zote. Au aliteremka, akaanza huku, kisha akaenda kule? Alikumbuka magogo. Alikumbuka kugonga mbao. Kati ya kugonga mbao na kusimama puani kulikuwa na nini? Alilitafuta lile pengo kichwani kama skrubu iliyoanguka sakafuni, akipapasa huku na huku, na kila alipopapasa aligusa sakafu tupu.

"Nani amekwangua upande wa ukuta?" aliiuliza mashua.

Akarudi upande wa maji, akakwangua kwa hasira. Akajikaza. Huenda aliamka na mawazo mengi, akaanza huku bila kufikiria. Watu hufunga vifungo vya shati bila kukumbuka kuvifunga. Akamaliza sehemu nyingine, akaenda kuchukua msasa kwenye ndoo ya vifaa aliyoiacha nyuma, karibu na usukani. Pembeni ya ndoo, kopo la rangi nyekundu lilikuwa wazi. Lilikuwa limekorogwa vizuri, hata kile kizito cha chini kimepanda juu, na kijiti cha kukorogea kimelazwa juu ya mdomo wa kopo, kinadondosha.

Sasa hilo kopo alilikumbuka. Alijaribu kulifungua asubuhi kwa bisibisi, likakataa, akaliacha. Alikumbuka alivyolitukana.

"Mama!" aliita kuelekea juu. "Umefungua rangi?"

Baada ya kitambo sauti ikatoka bandani: "Rangi ya nini, na mimi niko na tanga?"

Ukiangalia vizuri, hilo si jibu. Lakini mtu aliyekwisha kuamini kwamba kichwa chake ndicho kibovu hamkagui mwenzake. Dakika akaketi juu ya gogo, akaamua kufanya jambo la kifundi.

Mafundi saa wana tabia moja. Saa ikipita mikononi mwako, unachora alama yako ndogo ndani ya kifuniko, mahali mwenyewe hapaoni. Ikirudi baada ya miaka, hata kama umemsahau mteja na sura yake, alama inakuambia kwamba mkono uliopita hapa ni wako. Alama ya Dakika ilikuwa duara lenye mishale miwili. Akatoa chaki mfukoni, akaingia kwenye ujia, akaichora pale usafi ulipokoma na uchafu kuanza. Akasema kwa sauti, ili masikio nayo yawe mashahidi, "Mimi nimefika hapa. Hapa. Sijapita hapa."

Akatoka, akamaliza upande wa maji. Akaupiga msasa. Hakukimbia, ila moyo wake ulikuwa unakimbia bila yeye. Hatimaye akafuta mikono, akarudi kwenye ujia kutazama.

Duara halikuwepo. Palipokuwa na chaki palikuwa na ubao mtupu, umekwanguliwa na kuoshwa, na usafi ulikuwa umesonga mbele mkono mzima.

Hapo Dakika hakutafuta tena sababu. Alirudi nyuma hadi mgongo wake ukagonga ukuta. Kumbe si kusahau tu, anafuta. Anachora alama, halafu anaifuta mwenyewe, halafu anakuja kuitafuta. Baba yake hata hakufikia hapo mapema hivi. Akatoka kwenye ujia akaketi juu ya jiwe, akalia. Alilia vibaya, kwa kwikwi, kamasi zikamtoka. Alikuwa anaogopa. Aliogopa kumtazama mkewe siku moja na kumwuliza kwa adabu yeye ni nani. Aliogopa zaidi kwamba siku hiyo hatajua kuwa kuna jambo la kuogopa.

Alipomaliza kulia alikuwa amekata shauri. Mashua inaondoka. Akajizoeza maneno: "Mpwa wangu, ichukue. Mimi nimechoka." Yalisikika vizuri. Kuchoka si aibu, watu huchoka.

Mbali kule, mstari wa maji ulikuwa umeanza kusogea. Dakika akainuka. Mashua aitoe, sawa, lakini hamkabidhi mtu mashua chafu. Akachukua brashi na kopo la pili la rangi, akaanza kupaka upande wa maji, toka puani, mipigo mirefu, bila kuwaza. Maji yalikuwa tayari yanalamba changarawe za mbali alipofika karibu na nyuma. Mkono ukamteleza, brashi ikaanguka matopeni. Akainama kuiokota, na kwa kuwa ameinama, akaona chini ya tumbo la mashua, upande wa pili.

Aliona buti zake.

Zilikuwa zile za kijani, na kiraka cha tairi kwenye kisigino. Zilikuwa zimesimama kwenye ujia, na hazikuwa tupu. Zilisogea hatua kuelekea puani. Zikasimama. Kisha visigino vikainuka, kama mtu anapojinyoosha kufikia mahali pa juu, na juu kukasikika sauti ya kukwangua.

Dakika akatazama miguu yake mwenyewe. Raba, na kidole dirishani. Akatazama tena kule. Buti. Macho yakamtoka pima. Kwa kitambo kizima, na msimcheke kwa sababu hamkuwepo, aliamini kabisa kwamba yuko kule. Yule ndiye anayekwangua, yule ndiye anayefuta chaki, na huyu mwenye raba ndiye asiyejua kitu. Akafanya ambacho nadhani wengi wetu tungefanya. Akajiita.

"Dakika?" aliita polepole.

Buti zikaganda.

"Nani yuko huko?" akauliza.

"Mimi," ikajibu sauti.

"Mimi nani?"

"Mimi mkeo, mzee. Kwani ulidhani nani?"

Alizunguka mashua akiwa ameshika mbao, kwa sababu dunia ilikuwa bado inayumba. Akamkuta kwenye ujia, gauni limepandishwa na kufungwa kiunoni, mbao za nyuma yake zimeshapakwa rangi, uso una madoa mekundu, mkononi kisu kipana cha jikoni ambacho kwa wiki nzima Dakika alikuwa akishangaa kimekwenda wapi.

"Usikasirike," alisema mkewe.

"Sijajua kama nimekasirika. Ngoja kwanza nijue." Akamnyooshea kidole kuanzia utosini hadi kisiginoni. "Buti zangu."

"Ningeingia kwenye matope haya na kandambili?"

"Nilikuuliza asubuhi!"

"Zilikuwa kwenye kikapu. Chini ya uzi." Akatazama chini. "Nilitaka nikusaidie tu, usijue."

"Nisijue nini?"

Mkunga alipangusa kisu kwenye gauni, upande huu, kisha upande ule. "Mwaka jana," alisema, "ulimaliza kupaka rangi, ukakunja vifaa, ukapanda bandani unapiga mluzi. Maji yakaanza kujaa. Nikachungulia. Lile tundu la chini, la kutolea maji, lilikuwa wazi. Kizibo kilikuwa juu ya benchi, pembeni ya kikombe chako. Nikateremka nikaziba. Ukaja, ukaisukuma mashua, ukaniambia, umeona, haijaingiza hata tone. Ulikuwa na furaha. Nikashindwa."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza. Tangu hapo ndiyo nikaanza kukufuatafuata nyuma."

Dakika alihisi vitu vinafunguka kichwani, kimoja baada ya kingine. "Pasi," alisema.

"Mimi. Nilirudi kuchukua kanga nikaiona inawaka."

"Mlango wa nyuma."

"Mimi."

"Funguo! Zilikuwa hazipo msumarini, halafu zikawepo!"

"Ulizisahau kwenye kitasa nje. Nikazirudisha ulipokuwa unapekua mifuko."

"Rangi. Chaki. Mama, hata chaki?"

"Chaki gani? Nilikuta kijidoa, nikakikwangua. Kulikuwa na giza."

Dakika akaanza kucheka. Alicheka hadi akashika mbavu, akaegemea ukuta, machozi yakamtoka kwa mara ya pili siku hiyo. Mkewe naye akacheka kidogo, kwa mashaka, kama mtu asiyejua anachekea nini. Kisha ghafla kicheko kikamkauka Dakika, hasira ikapanda, maana sasa alikuwa amejua.

"Wewe ulikuwa unanisaidia au unanizika?" alisema. "Nimekaa hapa juu ya jiwe nimelia kama mtoto. Nimeigawa mashua yangu, unasikia? Nimemwita mpwa wangu aje kuichukua. Ulitaka nisijue kwamba nasahau. Sasa mimi nimeamini nasahau hata vitu ambavyo sijasahau! Kila unachokifanya kimya kimya, mimi huku naona mkono wangu!"

"Sikujua," alisema mkewe. "Wallahi sikujua. Nilikuona unazubaa, unazunguka na vitu mkononi, nikasema ndiyo hivyo, ugonjwa unakua. Nikazidisha."

"Nilikuwa nazubaa kwa sababu yako."

"Na mimi nilizidisha kwa sababu unazubaa."

Walitazamana. Ukisimulia jambo hilo kwa watu hawatakuamini: watu wazima wawili, ndani ya nyumba moja, kila mmoja akimtia mwenzake wazimu kwa mapenzi. Maji yalikuwa yamefika kwenye magogo ya nje, na povu lake lilikuwa linaingia kwenye ujia.

Dakika alikuwa amebakiwa na siri moja. Hakuwahi kumwambia mtu, hata kwenye yale mapatano na nafsi yake hakuthubutu kuitaja. Lakini sasa kila kitu kilikuwa kinapata mwenyewe, na tamaa ikamshika.

"Na ile siku ya njia panda?"

"Njia panda gani?"

"Pale kwenye duka la vioo. Mtaani kwetu. Nilitoka kununua betri. Nikafika pale, nikasimama, nikawa sijui nyumbani ni upande gani. Nyumba naiona kichwani, mlango wake, pazia, wewe mwenyewe. Ila upande siujui. Nikajifanya natazama vioo, hadi yule jirani wa ghorofani akapita, nikamfuata nyuma." Akamtazama mkewe kwa macho ya kuomba, akijua kabisa anaomba ujinga. "Hiyo nayo... haikuwa wewe?"

Mkunga alikuwa amewaambia wanawake wengi mambo ya kufariji, mengine si ya kweli sana. Dakika aliuona uongo ukimjia usoni, mtamu, tayari kabisa, na akauona ukirudishwa.

"Hapana, mume wangu," alisema. "Hiyo si mimi."

"Haya," alisema Dakika.

Maji yalikuwa yanamwingia rabani. Aliumia, lakini haikuwa ile hofu ya juu ya jiwe. Ile ya jiwe haikuwa na mwanzo wala mwisho. Hii ilikuwa ndogo na ilikuwa yake.

"Tundu la kutolea maji," alisema hatimaye. "Leo."

Mkono wa mkewe ulikuwa umeshaanza kwenda nyuma kwenye usukani, akaurudisha na kuukunja na mwenzake kifuani. Dakika akapapasa mfukoni, akatoa kizibo, akainama, akakipachika, akakigonga kwa mpini wa brashi. Akageuka.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Sema."

"Umeziba. Kimekaa vizuri."

Kipande cha mwisho upande wa ukuta hakikukwanguliwa wala kupata rangi. Bahari haikuwasubiri wamalize kugombana, na hadi leo mashua hiyo ina kiraka cha uchafu pale, ukiinama utakiona. Walikusanya vifaa maji yakiwa magotini, wakiambizana kila kitu kwa sauti kama wendawazimu: nimechukua ndoo, nimeiona ndoo, nimechukua kopo, na mfuniko je, huu hapa. Walipokuwa wanafungua gogo la mwisho, ndevu zikatokea juu ya ukuta.

"Mjomba!" aliita mpwa. "Shikamoo. Nimekuja. Umeamuaje?"

Mkunga aliinua uso kumjibu. Ilikuwa mazoea tu. Kwa mwaka mzima alikuwa amemjibia mumewe simu, maswali ya majirani, hata salamu. Akajizuia. Akabaki anatazama maji.

Dakika naye alisubiri ajibiwe. Kisha akagundua kwamba hakuna wa kumjibia.

"Marahaba," alisema. Akakohoa. "Nina kichwa kinachovuja kidogo, mpwa wangu. Nilikuwa sijui kinavuja wapi, ndiyo maana nikakuita. Mashua ngoja kwanza. Teremka ushike kamba ya mbele."

Mpwa hakuelewa hata neno moja, lakini alikuwa ameelewa ngoja, na alikuwa kijana mwenye adabu. Akavua viatu.

Mashua ilitikisika, ikapumua, ikaelea. Dakika akashika ukingo ili apande. Raba zilikuwa zimejaa maji, mguu ukateleza mara moja, ukateleza tena. Alihisi nyuma yake mkono mwepesi ukija kwenye kiwiko chake, ule mkono ambao ukishakushika huwezi hata kujua umeshikwa. Ukasita. Ukaanza kurudi ulikotoka.

"Usiuondoe," alisema Dakika, akageuka hadi akawa anamtazama mkewe machoni, mbele ya mpwa wake na mtu yeyote aliyekuwa ukutani. "Nishike. Ila nishike nikuone."